Macho mekundu Turkana si ugonjwa mmoja

Mwanzoni mwa mwaka 2024 wakazi wa Dar es Salaam, na wiki chache baadaye wale wa Mombasa, waliamka na macho mekundu. Magazeti yaliandika, redio zikatangaza, wakuu wa afya wakatoa maonyo, na kila aliyepanda daladala au matatu akawa anamchunguza jirani yake kwa hofu. Baada ya muda mlipuko ule ulipoa, macho yakarudia weupe wake, nasi tukasahau.

Wakati huo huo, katika kaunti ya Turkana walikuwako watoto wengi wenye macho mekundu ambao hakuna aliyewatangaza. Wekundu wao haukuanza mwaka ule wala haukumalizika na mwaka ule. Huo ni wekundu wa trakoma, maradhi ambayo ndugu zetu wa Tanzania huyaita vikope. Tofauti baina ya ugonjwa ule wa pwani na huu wa Turkana ndiyo ninayotaka tuitafakari leo. Ule wa kwanza una kelele nyingi na madhara machache. Huu wa pili hauna kelele, lakini mwisho wake ni upofu. Naona kwamba tumejifunza kuuogopa ule usiopofusha na kuuzoea huu unaopofusha, na kwamba mazoea hayo yana uhusiano mkubwa na swali la nani katika Kenya hii anapata maji ya kunawa uso.

Tuanze na maana, kwa sababu bila ya maana hakuna tiba. Ndani ya kope na juu ya weupe wa jicho kuna utando mwembamba unaolilinda jicho. Utando huo ukishambuliwa, mishipa yake midogo ya damu hutanuka, na jicho likawa jekundu, likawasha, likatoa machozi au tongo. Visababishi vyake ni vingi. Kuna virusi, ambavyo aghalabu huleta machozi mengi na kuhama upesi kutoka jicho moja hadi la pili, na kutoka mtu mmoja hadi darasa zima. Kuna bakteria, ambao huleta usaha mzito unaogandamanisha kope asubuhi. Kuna mzio, ambao huwasha mno lakini hauambukizi. Tena kuna vumbi na moshi wa kuni, ambavyo mkazi wa Lodwar hahitaji kusimuliwa. Kwa hiyo kusema kwamba mtoto ana macho mekundu ni sawa na kusema ana homa: umetaja dalili, bado hujataja ugonjwa.

Milipuko ya aina iliyoikumba pwani si migeni barani. Mwaka 1969 ulizuka nchini Ghana ugonjwa wa macho uliovilisha damu weupe wa jicho na kuenea kwa kasi ya ajabu. Kwa kuwa ulitokea wakati wanaanga wa Marekani walipotua mwezini, watu waliuita Apollo 11, na jina la Apollo likabaki vinywani mwa watu katika nchi kadhaa za Afrika. Virusi vya namna hiyo havirushwi kwa kutazamana, kama wengi wanavyodhani. Husafiri kwa vidole, kwa taulo, kwa leso, kwa kalamu iliyoshikwa na aliyetoka kujifikicha. Mgonjwa hupona mwenyewe, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Antibiotiki haziui virusi, hata ziwe za bei kubwa namna gani.

Basi mgonjwa wa aina hiyo afanyeje? Anawe mikono kwa sabuni kila aligusapo jicho. Afute tongo kwa kitambaa safi kilicholowekwa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, na kitambaa cha jicho moja kisiguse jicho la pili. Asishiriki taulo, mto wala wanja na mtu mwingine. Kitambaa baridi juu ya kope hupunguza maumivu. Mwanafunzi anayetokwa na machozi na tongo nyingi apumzike nyumbani siku chache, kisha arudi darasani. Ikiwa usaha ni mzito, mhudumu wa afya anaweza kumpa marhamu ya tetrasaiklini, ambayo huharakisha kupona kwa aliyeshambuliwa na bakteria.

La kuepukwa ni papara. Katika maduka yetu ya dawa huuzwa matone yenye steroidi, ambayo huondoa wekundu upesi na kumfurahisha mnunuzi. Matone hayo yakitumiwa bila ya uchunguzi yanaweza kuongeza shinikizo ndani ya jicho, na yakikutana na vidonda vya virusi vya malengelenge yanaweza kuliharibu jicho kabisa. Vivyo hivyo utomvu wa miti, mkojo na maziwa ya mama, ambavyo bado hutiwa machoni katika sehemu nyingi za nchi, huingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo.

Tena zipo dalili ambazo hazimruhusu mtu kungoja hata usiku mmoja: maumivu makali, kushindwa kustahimili mwanga, kuona ukungu, doa jeupe juu ya mboni, au jicho lililopigwa na mwiba au jiwe. Mtoto mchanga wa chini ya mwezi mmoja anayetokwa na usaha machoni apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ameambukizwa na mamaye wakati wa kuzaliwa, na jicho lake linaweza kutoboka kwa siku chache. Na mtoto mwenye macho mekundu pamoja na homa, kikohozi na vipele huenda ana surua, ambayo nayo hupofusha, hasa pale penye upungufu wa vitamini A.

Hayo yote ni ya jicho jekundu linalokuja na kwenda. Trakoma ina mwenendo mwingine. Husababishwa na bakteria wa jamii ya klamidia, ambao hupenda macho ya watoto wadogo. Ambukizo moja huweza kupoa bila ya kuacha alama kubwa, na mtoto akaendelea kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Balaa lipo katika kurudiwa. Anapoambukizwa tena na tena, mwaka baada ya mwaka, upande wa ndani wa kope huota makovu. Makovu hayo hujikunja kadiri umri unavyosonga, kope ikapinda kuelekea ndani, na nywele zake zikaanza kukwaruza kioo cha mbele cha jicho. Kila anapopepesa, mtu huyo hujikwaruza. Hatimaye kioo hicho hugeuka cheupe, na upofu wa namna hiyo haurudi nyuma.

Hapa ndipo ugumu wa kuwaelimisha watu ulipo. Anayeambukizwa ni mtoto wa miaka mitatu. Anayepofuka ni mama wa miaka arubaini. Nani ataunganisha tongo la mmoja na giza la mwingine? Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba huu huchukua miaka thelathini kuonyesha tende lake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume. Sababu haimo katika maumbile ya jicho la kike. Imo katika kazi: ni wao wanaokaa na watoto, wanaowabeba na kuwafuta nyuso, na hivyo ni wao wanaoambukizwa upya kila mara.

Wasafirishaji wa ugonjwa huu ni vidole, vitambaa na nzi. Kuna aina ya nzi ambaye hupenda sana macho na pua za watoto, naye hutaga mayai yake hasa katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo hazaliani vizuri. Kwa sababu hiyo choo, ambacho wengi hukifikiria kuwa dawa ya kuhara tu, ni dawa ya macho pia.

Sasa tuitazame Turkana yenyewe. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 926,976 katika eneo linalozidi kilomita za mraba 68,000, yaani watu kama 14 kwa kila kilomita. Mvua ya Lodwar kwa wastani ni kidogo mno, na kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua iliikosa kaskazini mwa nchi mfululizo. Kilomita kama 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar ipo Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Tangu katikati ya miaka ya 2010 makao ya Kalobeyei yameongezwa kando yake. Maji ya kambi hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa karibu na mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Kipimo cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ni lita 20 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika, kufua na kuoga. Mama mwenye ndoo moja na watoto sita hupanga mwenyewe kipi kitangulie. Uso wa mtoto hauwi wa kwanza katika orodha hiyo, nami siwezi kumlaumu.

Dunia inajua la kufanya tangu miaka ya 1990, pale Shirika la Afya Duniani lilipoweka mkakati wenye nguzo nne: upasuaji mdogo wa kunyoosha kope zilizopinda, antibiotiki kwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Upasuaji huo hufanywa kwa ganzi, hauchukui muda mrefu, na afisa wa kliniki aliyefunzwa huweza kuufanya. Dawa ni azithromaisini, ambayo kampuni ya Pfizer imekuwa ikiitoa bure kwa nchi zenye trakoma tangu mwaka 1998. Iwapo asilimia 5 au zaidi ya watoto wa miaka 1 hadi 9 wana dalili, jamii nzima humeza dawa, wazima kwa wagonjwa, na pale ugonjwa ulipokithiri zoezi hilo hurudiwa kwa miaka mitatu au mitano.

Turkana imepata kampeni hizo, na wahudumu waliotembea juani kugawa dawa hiyo wanastahili shukrani zetu. Hata hivyo kaunti hii imebaki miongoni mwa zile ambazo trakoma imekataa kuondoka. Kwa nini? Dawa humwua bakteria aliyemo jichoni leo. Haimzuii yule atakayeletwa na nzi mwezi ujao. Nguzo mbili za kwanza zina vifaa, zina takwimu, zina picha nzuri za kupelekwa kwa wafadhili. Nguzo mbili za mwisho zinahitaji mabomba, mashimo ya vyoo na subira, na kwa hiyo ndizo zinazoachwa nyuma.

Ushahidi wa jambo hili tunao karibu nasi. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti waligawa marhamu ya macho katika vijiji kadhaa, na katika baadhi ya vijiji hivyo wakaongeza kampeni ya kunawisha watoto nyuso. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba pale palipoongezwa kunawa, trakoma kali ilipungua zaidi. Haki inanitaka nitaje na upande wa pili. Utafiti mkubwa uliofanywa Amhara, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2022, ulipeleka visima na mafunzo ya usafi katika jamii zilizoathirika, na baada ya miaka mitatu maambukizi hayakuwa yamepungua kuliko kwingineko. Wako watakaosema kwamba basi maji si kitu. Mimi nasoma vingine. Kisima na mahubiri ya usafi kwa miaka michache haviwezi peke yao kuvunja mzunguko uliojengeka kwa vizazi. Na dawa peke yake imeshindwa vilevile katika nchi kavu. Kinachobaki ni kuviweka vyote mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na kwa muda wa kutosha. Hilo ndilo ambalo Turkana bado haijafanyiwa.

Fauka ya hayo kuna suala la wafugaji. Kampeni hupangwa kwa vijiji na tarehe, ilhali adakar huhama kwa kufuata malisho. Siku dawa inapogawiwa Lokichoggio, familia iliyohesabiwa hapo huenda ipo kwenye majani ng'ambo ya mpaka. Na ng'ambo zote zina trakoma: Karamoja nchini Uganda, Equatoria ya Mashariki nchini Sudan Kusini, na bonde la Omo nchini Ethiopia. Ikiwa kila nchi itagawa dawa kwa kalenda yake, ugonjwa utakuwa ukihama kwa kalenda ya mvua. Serikali hizi nne zinajua kukutana zinapotaka kuzungumzia wizi wa mifugo. Naomba zikutane pia kwa ajili ya macho ya wachungaji.

Kakuma nako kuna mtihani wake. Mnamo Machi 2025 serikali yetu ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma za pamoja. Wengine wanaupinga, wengine wanaushangilia. Kwa upande wa macho, sioni njia nyingine. Nzi hana kitambulisho cha taifa wala cha mkimbizi. Mtoto wa Kiturkana na mtoto wa Kidinka hucheza katika mchanga ule ule wa Tarach, na kumtibu mmoja bila ya mwingine ni kutwanga maji kwenye kinu.

Mwaka huo huo wa 2025 Marekani ilisimamisha misaada mingi ya nje na kulifunga shirika lake la misaada, jambo lililoathiri miradi ya afya katika nchi nyingi maskini. Chakula cha wakimbizi wa Kakuma pia kilipunguzwa. Tukubali funzo hilo, chungu lilivyo: afya iliyojengwa juu ya mfuko wa mgeni huanguka mgeni anapofunga mfuko wake. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, ya usafi wa mazingira na ya maji safi ya kutosha. Huduma za afya, maji na usafi zimekabidhiwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mwananchi wa Turkana anapouliza kuhusu bomba la maji, haombi hisani. Mnamo Septemba 2013 tuliambiwa kwamba bahari ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi. Baadaye vipimo vikaonyesha kuwa maji hayo yana chumvi mno kwa kunywa. Heri tungekuwa tumetumia miaka hiyo kutengeneza visima vilivyopo kuliko kuota bahari.

Sasa nawageukia walimu na wanafunzi, ambao najua husoma ukurasa huu. Mwalimu hawezi kuleta bomba, lakini ndiye mtu mzima pekee anayetazama nyuso za watoto mia moja kila asubuhi. Aanze kwa kutomfukuza mwenye trakoma. Mtoto huyo ameambukizwa nyumbani, na kumrudisha huko ni kumrudisha kwenye chanzo. Amwandikie rufaa aende zahanati, na wadogo zake wachunguzwe pia. Kisha shule itengeneze kibuyu chirizi: mtungi wa plastiki uliotobolewa tundu dogo, ukaning'inizwa mtini, wenye kutoa maji kidogo kidogo. Kunawa uso hakuhitaji beseni; kwa mtungi wa namna hiyo kikombe kimoja huwatosha watoto kadhaa. Hata pasipokuwa na sabuni, lengo la kunawa uso ni kuondoa tongo na kamasi zinazowaita nzi. Na choo cha shule kiwe kinatumika, kisiwe cha kufungiwa kufuli kwa ajili ya mgeni rasmi.

Wanafunzi nao wana kazi ambayo mtu mwingine haiwezi. Wao ndio wanaorudi jioni kwenye manyatta na kuona nyanya zao wakijing'oa nywele za kope kwa kibano. Wawaeleze kwamba hali hiyo ina upasuaji, kwamba mganga hang'oi jicho, na kwamba kungoja ndiko kunakopofusha. Mficha maradhi kilio humfichua. Na katika maradhi haya kilio huja wakati hakuna la kufanywa tena.

Wapo watakaodai kwamba trakoma ni ada ya nchi kame na haiondoki. Oman ni nchi kame, na miaka ya 1970 trakoma ilikuwa imeenea sana huko. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha kuwa imeyashinda maradhi hayo. Malawi, ambayo si nchi tajiri, ilithibitishwa mwaka 2022, na Burundi, jirani yetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwaka 2025. Duniani kote idadi ya watu waishio katika hatari ya trakoma imeshuka kutoka milioni 1,500 hivi mwaka 2002 hadi milioni 103 hivi mwaka 2024. Wenzetu hao hawakuwa na dawa ambayo sisi hatuna. Walichofanya ni kuendelea na kazi baada ya vidonge kumezwa.

Siku macho yatakapokuwa mekundu tena Mombasa, bila shaka tutasikia matangazo, na ni vyema tuyasikie. Ombi langu ni kwamba nusu ya bidii hiyo ipelekwe Lodwar na Kakuma, katika mwaka usio na mlipuko wowote, na kwamba katika bajeti ijayo ya kaunti maji ya shule na vyoo vya vijiji vihesabiwe kuwa ni matumizi ya afya ya macho.